Bado Uko kwa Mathe?

Hii swali utaiskia kwa steji, kwa kinyozi, kwa grupu ya WhatsApp ya wase mlimaliza nao fom fo. Na venye huulizwa, ni kama umeshikwa na kitu ya wizi. Mi nasema wazi: hapa Mowlem hiyo swali haifai. Uliza hivi: kwa hiyo keja mnaishi, nani hutoa nini?

Cheki venye mtaa imekaa. Kutoka upande wa Umoja mpaka ukaribie Dandora ni floo juu ya floo, na milango karibu zote ni za kupanga. Singo, bedsita, dabo, wanbedrum. Maisha ya jirani tunayasoma kwa hizo majina. Akitoka singo aingie bedsita, tunajua wera imejipa. Akirudi singo, hakuna haja ya kuuliza.

Katiba ya 2010 inasema we ni kijana kutoka 18 mpaka kabla ufikishe 35, na ukigonga 60 unahesabiwa mzee. Lakini mtaani ukitoa kipande, huhami siku hiyo. Kitu inabadilika kwanza ni mahali unalala. Dabo ya mathe iko na pazia: huku kitanda yake na siste mdogo, huku kochi, meko na wewe. Ndevu zikianza kutoka, hiyo pazia inakuwa nyepesi sana. Siste anataka kusoma, mathe anataka kubadilisha nguo, na we umetoka mjengo umechoka, unataka tu kudoz. So unaambiwa ukalale kwa morio mwenye ako na singo, asubuhi urudi kwenu kukunywa chai. Huko ni kuhama nusu, na wase mob huishi hivyo miaka.

Halafu mnakuja kupanga singo wase watatu. Mmoja anashika renti, mwingine tokeni na mitungi za maji, wa tatu dishi. Wera ya mmoja ikikatika, wawili wanambeba. Watu hudhani hii ni kitu ya siku hizi, lakini Eastlands ilianza hivyo. Mkoloni alitaka mikono ya mwanaume Nairobi, mke na watoi wabaki shags, ndio maana mitaa kama Shauri Moyo na Ziwani ilijengewa vyumba za mabachela kushare. Mpaka leo hii jiji haijazoea familia kubwa chini ya paa moja: sensa ya 2019 ilipata nyumba moja Kenya huishi watu 3.9 ukipiga hesabu ya kawaida, lakini Nairobi ni 2.9.

Kamwistei nayo huanza bila kutangazwa. Manzi anakuja wikendi, anaacha nguo, anaacha sufuria, mwisho keretaka anamjua kwa jina. Hapa nataka madem na machali waskie poa: Januari 2023 Korti ya Juu ilisema kuishi pamoja miaka mingi kunaweza fanya mhesabiwe mmeoana, lakini hiyo njia ni ya kutumika mara chache sana, na lazima ushahidi uwe mzito. Kushare keja peke yake haitoshi. Kama mnanunua vitu pamoja, wekeni risiti na mesej za M-Pesa.

Ikivunjika, mara mob ni manzi hurudi kwa mathe na mtoi. Ako 26, ama 31. Na hapo ndio mtaa humsema vibaya, na mi hukasirika. Angalia hiyo dabo saa hii. Shosh anabaki na mtoi, so pesa ya deikea haitoki. Manzi anashuka Indi ngware kuchapa kibarua, jioni analeta unga na nusu ya renti. Mtoi anakula, anaenda shule, shosh halali njaa. Mwenye anasema huyu dem amerudi nyuma hajawahi lipa renti akiwa na mtoi mgongoni.

Kwa wenye wana nyumba zao ni rahisi kidogo. Ukienda Buru, yenye ilianza kujengwa miaka ya 70 kwa watu wa mkopo wa nyumba, utapata wazazi wameongeza ekstensheni mbele, na kijana wa miaka 30 ako na mlango wake hapo. Ako kwa mathe pia, lakini hakuna mtu humcheka, juu mlango wake uko kando. Huyu wetu wa Mowlem, mwenye hana ukuta wa kuongeza, ndiye huitwa mvivu.

Wabuyu wenyewe hupanga kurudi shags, wengine huhepa hata kabla ya 60. Wamathe wengi hubaki, juu wajukuu wako hapa, na kliniki ya presha iko hapa. Akifikisha 70 anaweza ingia Inua Jamii, ile pesa serikali hupea wazee, tao mbili kwa mwezi. Piga hesabu ya renti yoyote unajua Mowlem, uone kama tao mbili inafika. Hiyo gap inazibwa na huyo mtoi mkubwa mwenye mnauliza kama bado ako kwa mathe.

Sa malandilodi, mnaendelea kumwaga bedsita kila ploti, bedsita haina nafasi ya mtu wa miaka 65 na wa miaka 28. Jengeni dabo ziko na milango mbili, kila moja na kufuli yake, choo katikati. Renti moja, mita moja ya tokeni. Mtapata wapangaji wa kukaa miaka kumi, juu hakuna mtu ataforciwa kuhama ndio apate mahali pa kubadilisha shati.