Matoleo yanapogombana: jinsi ya kuokoa kumbukumbu katika Linux

Kompyuta inayotumia Linux inaweza kuwashwa baada ya kuboreshwa, kisha ikadai kwamba haizitambui diski zake. Mara nyingi hakuna kilichopotea. Mtayarishaji wetu anaeleza kutoka Tottenham, kaskazini mwa London.

Msikilizaji, nyumbani kwangu Tottenham, hatua chache kutoka barabara kuu ya High Road, ninayo kompyuta kuukuu ninayoitumia kuwa hazina ya sauti. Humo mna mahojiano ya miaka mingi, na mna pia amana za watu.

Amana moja ni ya mzee wa Lamu anayeishi mtaani kwetu. Alinikabidhi kanda mbili za kaseti zenye sauti ya marehemu mama yake akisimulia harusi za zamani. Nilizihamishia katika kompyuta, na haukupita muda kanda zenyewe zikaharibika kwa ukungu.

Desemba 2023, mzee aliitaka sauti hiyo kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeweka kadi mpya ya mtandao, nayo ilihitaji toleo jipya la Linux. Nikaboresha, nikaiwasha kompyuta upya, na hazina yote haikuonekana.

Pande tatu zinazopaswa kupatana

Ili kuelewa kilichotokea, ni vyema kufahamu kwamba kusoma diski ni kazi ya pande tatu.

Upande wa kwanza ni kiini cha Linux, programu inayotawala mitambo yote ya kompyuta. Wa pili ni moduli ya mfumo wa faili, yaani kipande kinachoungwa na kiini ili kiweze kujua jinsi data ilivyopangwa katika diski. Wa tatu ni zana za mtumiaji, zile amri tunazoziandika.

Mifumo ya faili kama ext4 huja ndani ya kiini chenyewe, kwa hiyo ugomvi ni nadra. Hazina yangu hutumia ZFS, mfumo uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, ambayo ilitoa programu yake kwa umma mwaka 2005. Leseni yake haijachukuliwa kuwa inapatana na leseni ya Linux, na kwa sababu hiyo ZFS huandikwa na kutolewa kando. Kila kiini kinapobadilika, moduli yake nayo lazima itengenezwe upya.

Katika Debian, kazi hiyo hufanywa na programu iitwayo DKMS. Mfano wake ni fundi cherehani: kila anapokuja mgeni mpya, humpima na kumshonea kanzu yake.

Fundi aliyeshindwa kushona

Debian 12, iliyotolewa Juni 2023, ilikuja na kiini namba 6.1 na ZFS namba 2.1.11. Hao wawili walipatana. Mimi nilichukua kiini 6.5 kutoka ghala la nyongeza, ambalo Debian huliita backports, lakini sikuchukua ZFS mpya kutoka ghala hilo hilo.

ZFS 2.1.11 iliandikwa kwa viini visivyozidi 6.2. DKMS ikajaribu kushona, ikashindwa, na ikatoa onyo. Nami kwa haraka zangu sikulisoma onyo hilo.

Hapo ndipo penye hatari. Mtu aliyetishika hutafuta amri ya kulazimisha. Zipo amri za ZFS, kama zpool create ikiongezewa alama ya kulazimisha, ambazo zitaunda hazina mpya juu ya ile ya zamani bila kujali kilichomo. Ugomvi wa matoleo haufuti faili hata moja. Kinachofuta ni mkono wa mwenye kompyuta.

Hatua za kufuata

Kwanza, rudi nyuma. Debian huacha kiini cha awali katika kompyuta. Wakati wa kuwasha, chagua kiini hicho katika orodha ya chaguo za ziada. Moduli iliyoshonwa kwa ajili yake bado ipo. Kwangu mimi, kiini 6.1 kilipowaka, hazina ilifunguka.

Pili, kabla ya jambo lolote, nakili data katika diski nyingine. Nakiri kwamba mimi sikuwa na nakala ya pili, na hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote.

Tatu, uliza namba. Amri uname -r hutaja kiini kinachotumika. Amri zfs version hutoa mistari miwili, mmoja wa zana na mmoja wa moduli. Mistari hiyo ikitofautiana, pande hizo hazijapatana. Amri dkms status huonyesha moduli ipi imeshonwa kwa kiini kipi.

Nne, hakikisha kifurushi cha linux-headers kina namba ile ile ya kiini kipya. Hicho ndicho kipimo cha fundi.

Tano, boresha vifurushi vya ZFS kwa pamoja na kutoka ghala moja: zfs-dkms na zfsutils-linux. Ukichukua kimoja hapa na kingine kule, matoleo yake yanaweza kutofautiana. Tanguliza apt -s, ambayo huonyesha kitakachofanyika bila kukifanya. Ikitaka kuondoa kifurushi unachokihitaji, simama.

Kwa wasikilizaji wa mahali ambapo umeme hukatika ovyo: kazi ikikatizwa njiani, amri dpkg --configure -a huendeleza usakinishaji ulipoishia.

Mwisho, usiharakie zpool upgrade. Amri hiyo huwasha uwezo mpya wa hazina, na uwezo huo ukishaanza kutumika, matoleo ya zamani huenda yasiweze kuifungua. Ukiitoa mapema, umejifungia njia ya kurudi.

Je, ni afadhali kutoboresha kabisa?

La hasha. Novemba 2023 iligunduliwa hitilafu katika ZFS iliyoweza, kwa nadra, kuharibu sehemu za faili zinaponakiliwa, bila onyo lolote. Marekebisho yalitolewa tarehe 30 mwezi huo katika matoleo 2.2.2 na 2.1.14. Aliyebaki nyuma kwa hofu alibaki na hitilafu hiyo.

Namba hubadilika. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, ilikuja na kiini 6.12. Kanuni ni ile ile: kabla ya kupokea kiini kipya, hakikisha toleo la ZFS utakalotumia linakitambua.

Usiku ule mzee alinipigia simu kabla sijamaliza kunakili. "Mwanangu, sauti ya mama ipo?"

Nikamjibu, "Ipo, mzee. Mlango tu ndio uliokuwa umekwama."

Jumamosi ilisikilizwa harusini. Siku hizi nakala yake ya pili anayo mzee mwenyewe.