Saa 26 Kitini: Rekodi za Mazungumzo na Wageni wa Kila Aina

Tim Shadbolt, aliyekuwa meya wa mji wa Invercargill kusini kabisa mwa New Zealand, aliwahi kukaa mbele ya kamera akihojiwa kwa saa 26 mfululizo. Ni siku nzima na saa mbili juu yake. Mahojiano hayo yalirushwa na Cue TV, kituo kidogo cha huko huko kwao, na muulizaji alikuwa mtangazaji Tom Conroy. Rekodi hiyo ya dunia ikaandikwa kwa jina la meya. Wengi wakisikia habari hii hujiuliza mtu anapata wapi maneno ya kujaza saa zote hizo. Mimi humfikiria zaidi Conroy. Kujibu hata mtu aliyechoka anaweza, maana maisha yake anayajua. Lakini kuuliza swali jipya saa ya 25, na kusikiliza jibu lake kwa makini, ni kazi ya uvumilivu wa hali ya juu.

Katika podikasti, miongoni mwa mazungumzo marefu zaidi yaliyowahi kutolewa kwa kipande kimoja ni yale ya Lex Fridman wa Marekani, Agosti 2024, yaliyopita saa nane. Yalihusu kampuni ya Neuralink, inayotengeneza kifaa cha kupandikizwa kwenye ubongo. Mgeni wa kwanza alikuwa Elon Musk, na vichwa vya habari vikaishia kwake. Wakafuata wahandisi na daktari wa upasuaji wa ubongo. Wa mwisho alikuwa Noland Arbaugh, kijana aliyepooza kuanzia mabegani kushuka chini baada ya ajali majini mwaka 2016, na ambaye Januari 2024 alikuwa mtu wa kwanza kuwekewa kifaa hicho. Akaeleza anavyosogeza kishale cha kompyuta kwa kukusudia tu, na maana ya kurudi kucheza michezo ya kompyuta bila kumsumbua mzazi wake usiku kucha. Ukiwa na bando la kutosha sehemu moja tu ya mazungumzo yale, ruka uende mwisho. Tajiri alizungumzia mipango yake. Kijana alizungumzia mwili wake mwenyewe, na alipewa nafasi ya kutosha kufanya hivyo.

Kwa kipimo hicho, yaani nani amepewa kiti na kwa muda gani, ndivyo ninavyozitazama rekodi zote za mazungumzo.

Waliodumu

Kipindi kikongwe ambacho wenye podikasti wengi wamekiiga, wakijua au bila kujua, ni Desert Island Discs cha BBC. Kilianza hewani 29 Januari 1942, London ikiwa bado na vifusi vya mabomu, na mgeni wa kwanza alikuwa mchekeshaji Vic Oliver. Mwanzilishi wake, Roy Plomley, alikuwa na wazo jepesi: mgeni ajione ameachwa peke yake kisiwani, achague santuri nane za kwenda nazo, kisha aeleze sababu ya kila moja. Hupewa pia Biblia na kazi za Shakespeare, halafu huongeza kitabu kimoja na kitu kimoja cha starehe. Plomley alikiendesha hadi alipofariki mwaka 1985. Watangazaji wamebadilishana usukani, wageni wamepita 3,000, na wazo lenyewe halijaguswa. Siri yake ni kwamba mtu ukimuuliza maisha yake atakupa wasifu wa kazini, lakini ukimuuliza wimbo aliousikia mama yake akiuimba jikoni, atakupa nyumba nzima.

Miaka ya vita mazungumzo yale yaliandikwa kwanza kwenye karatasi, mgeni akasoma tu, kwa sababu ya udhibiti wa serikali. Na kuna kisa cha baadaye ambacho Plomley hakukisahau. Alitaka kumhoji Alistair MacLean, mwandishi mashuhuri wa riwaya za vita. Akapatikana mtu wa jina hilo hilo, akakubali kuja. Walipokuwa wakila chakula cha mchana kabla ya kurekodi, Plomley akauliza huwa anaandika majira gani ya mwaka. Mgeni akashangaa: kuandika nini? Kumbe alikuwa afisa wa utalii wa jimbo la Ontario, Kanada, aliyekuwa akifanya kazi Ulaya. Plomley, kwa adabu, aliendelea kumrekodi. Kipindi kile hakikurushwa kamwe, nami nakisikitikia kuliko vingi vilivyorushwa. Afisa yule naye alikuwa na santuri nane.

Mfalme wa rekodi hizi, au tuseme malkia, yuko Japani. Tetsuko Kuroyanagi alianza kipindi chake, Tetsuko no Heya, maana yake Chumba cha Tetsuko, tarehe 2 Februari 1976. Kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kinamtambua kuwa ndiye aliyeendesha vipindi vingi zaidi vya mazungumzo vya jina moja, na vimeshapita 12,000. Chukua mtu anayesikiliza podikasti moja mpya kila siku bila kukosa: angehitaji zaidi ya miaka 32 kumaliza vya mama huyu. Sharti lake tangu mwanzo ni kwamba mazungumzo hayakatwi. Yanarekodiwa kwa mkupuo mmoja kama vile yako hewani moja kwa moja, ili mgeni ajue kwamba hakuna atakayekaa chumba cha uhariri kumkata maneno na kumbadilishia maana. Wamekaa kwenye sofa lake waigizaji, wanamuziki, wanamichezo, waandishi na wanasiasa, wa Japani na wa nje. Mwaka 1984 aliteuliwa kuwa Balozi Mwema wa UNICEF, na safari yake ya kwanza ya kazi hiyo ilimleta Tanzania. Umri wake umepita miaka 90.

Larry King wa Marekani alishika rekodi ya aina nyingine: kipindi chake cha CNN kilidumu tangu 1985 hadi 2010, mtangazaji yule yule, saa ile ile. Alikuwa akisema hapendi kujiandaa sana kabla ya mgeni kufika, ili aulize kile ambacho msikilizaji wa kawaida angeuliza. Kwa King ilifaa. Wengi walioiga wamefikia kuuliza tu, "Tuambie wewe ni nani," na hapo mgeni hujua kwamba mwenyeji hajali.

Kisha kuna Studs Terkel. Tangu 1952 hadi 1997, miaka 45, alikuwa na kipindi katika redio ya WFMT ya Chicago, na vipindi vilivyohifadhiwa ni zaidi ya 5,000. Walipita kwake Martin Luther King na Bob Dylan, lakini jina lake limebaki kwa sababu ya watu wengine. Alibeba kinasa sauti chake akaenda kuwauliza wahudumu wa hoteli, wachimba makaburi, wafanyakazi wa viwanda vya chuma, wazoa taka na makarani kazi yao inawafanyia nini mwilini na moyoni. Kitabu chake Working cha mwaka 1974 kina sauti za watu zaidi ya 100. Mashine zilikuwa zinamshinda. Alibonyeza kitufe kisicho sahihi, akapoteza mahojiano. Mwenyewe aliona udhaifu huo unamsaidia: mtu ambaye hajawahi kuhojiwa, akimwona mzee anahangaika na kanda, huinuka kumsaidia, na hofu yake huishia hapo. Leo studio nyingi zina taa tatu, kamera nne na mabango ya wadhamini. Mpeleke mle mama ntilie anayezungumza hadharani kwa mara ya kwanza, uone kama atakuambia jambo la kweli katika dakika kumi za mwanzo.

Waliosikilizwa zaidi

Hizi ndizo rekodi zinazopigiwa kelele sana na zinazoanguka upesi. Ricky Gervais, mchekeshaji wa Uingereza, aliingia Guinness mwaka 2006 kwa wastani wa upakuaji wa takriban 260,000 kwa kila kipindi katika mwezi wa kwanza. Mwaka 2011 Adam Carolla wa Marekani akatambuliwa kwa karibu milioni 60 ndani ya miaka miwili. Joe Rogan, aliyeanza Desemba 2009 na rafiki yake mbele ya kamera ya kompyuta, amezifanya takwimu hizo zionekane za kijijini: mazungumzo yake na Donald Trump ya Oktoba 2024, ya karibu saa tatu, yalitazamwa makumi ya mamilioni ya mara YouTube katika siku chache tu.

Ninalolikumbuka kutoka kundi hili ni la podikasti ya Marc Maron. Juni 2015 Barack Obama, akiwa bado madarakani, alikwenda hadi kwenye gereji ya nyumba ya Maron jijini Los Angeles, mahali palipokuwa studio yake. Mlenga shabaha wa ulinzi aliwekwa juu ya paa la jirani. Siku mbili kabla, waumini tisa weusi walikuwa wameuawa kanisani Charleston, na rais akazungumzia ubaguzi wa rangi kwa lugha ambayo hakuwahi kuitumia mbele ya waandishi wa habari. Kipindi kilipakuliwa zaidi ya mara 700,000 katika saa 24 za kwanza. Maron alipofunga podikasti yake Oktoba 2025, baada ya miaka 16, mgeni wa mwisho alikuwa Obama yule yule. Hata hivyo, kipindi cha Maron kilichoingizwa katika hazina ya kitaifa ya sauti ya Marekani, mwaka 2022, ni kingine: mazungumzo ya 2010 na mwigizaji Robin Williams, ambamo Williams anazungumzia ulevi na mawazo ya kujiua, miaka minne kabla ya kifo chake.

Sauti nyingi kuliko zote

Mwaka 1994 mwongozaji wa filamu Steven Spielberg alianzisha taasisi ya kukusanya ushuhuda wa walionusurika mauaji ya Wayahudi. Ilipofika 1999 ilikuwa imerekodi karibu watu 52,000, katika nchi 56 na lugha 32, kila mmoja kwa wastani wa zaidi ya saa mbili. Hakuna binadamu mwenye muda wa kuusikiliza wote: kwa saa zisizopungua 100,000, ungekesha miaka zaidi ya 11 bila kufumba jicho. Baadaye taasisi ikakusanya pia ushuhuda wa walionusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda.

Lakini kwa watu wa kawaida wenye maisha ya kawaida, rekodi ni ya StoryCorps. Dave Isay aliweka kibanda kidogo ndani ya kituo cha treni cha Grand Central, New York, Oktoba 2003. Unaingia na mtu unayemfahamu, mama yako, jirani, bosi wa zamani, mnakaa mkitazamana, msaidizi anawasha mashine, na mnaachiwa dakika 40. Mtangazaji hayupo. Nakala moja mnaondoka nayo, nyingine, mkikubali, inahifadhiwa Maktaba ya Bunge la Marekani pamoja na nyaraka za marais. Wameshashiriki zaidi ya watu 600,000. Aliyekata utepe kibanda kile kilipofunguliwa alikuwa Studs Terkel mwenyewe, akiwa na miaka 91. Alisema mchoraji wa ramani ya jengo lile anajulikana, lakini ni nani walioijenga ile sakafu na zile kuta?

Na kwetu

Swali hilo liliulizwa Dar es Salaam miaka 35 kabla. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, wakati huo kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walirudi sehemu za kwao kukaa na wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Gilbert Gwassa na John Iliffe walikuwa mbele katika kazi hiyo. Kabla ya hapo habari za vita zilikuwa nyingi za upande mmoja, ripoti za maofisa wa Kijerumani. Sasa wakulima waliokuwa vijana wakati wa vita walieleza wenyewe waliyoyaona. Kwangu mimi hiyo ndiyo rekodi kubwa ya mazungumzo katika nchi hii: walengwa walikuwa wazee wasiojulikana, na muda ulikuwa unaishia.

Podikasti zetu za sasa zina vipaji. Salama Jabir aliwahoji wasanii saluni katika Mkasi ya EATV, kisha akaendelea na Salama Na, ambako mgeni huachwa amalize sentensi yake. Jijini Nairobi, Adelle Onyango alianza Legally Clueless mwaka 2019, baada ya miaka mingi redioni, akawafungulia mlango Waafrika wa kawaida wasimulie wenyewe maisha yao. Nyingi za nyingine huzunguka kwa wasanii wale wale na wanasiasa wale wale. Mgeni anatoka studio hii Jumatatu, Jumatano yuko nyingine, na majibu ni yale yale. Wakati huo huo mafundi wa majahazi wa Zanzibar na Lamu, wakunga wa jadi, madereva wa malori ya masafa marefu kati ya Mombasa na Kigali, na watu waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga wanazeeka. Wote wanazungumza Kiswahili kizuri, na wengi wao hawajawahi kuulizwa swali na mtu mwenye kinasa sauti. Simu yoyote ya leo inarekodi dakika 40 bila bando.