Amande yenye makosa: kulipa ao kupinga?



Kila mwaka wenzetu wanatoka Bukavu, Goma, Lubumbashi ao Kisangani na kwenda kuendelea na masomo Ufaransa. Kisha muda, mwenye kupata kazi ya usiku ananunua gari ya okazioni, juu saa anatoka kazini basi ya mwisho imekwisha kupita. Alafu siku moja anakuta mu sanduku la barua karatasi yenye kichwa "avis de contravention". Radari ilimupiga picha, alikuwa anapita mbio, alipe. Anasoma na kuona kuna kitu hakiko sawa: jina, adresi, ao namba fulani. Anapiga simu: "Karatasi iko na makosa, si haina nguvu?"

Mimi nilisoma sheria nyumbani na ninaendelea nayo huku Ufaransa, njo maana karatasi za namna hii zinafika kwangu. Jibu ninalotoa ni moja: karatasi kuwa na kosa, peke yake, haikuokoe. Kinachohesabiwa ni mahali kosa liko, na kama unaweza kulionyesha kwa hati. Acha nieleze polepole, hata kama siku za karatasi hazikungoje.

1. Karatasi inasema nini

Radari za otomatiki zilianza Ufaransa mwaka 2003. Hakuna polisi wa roulage wa kukusimamisha. Mashine inapima, inapiga picha ya plake, na karatasi inatumwa kwa mutu ambaye jina lake liko ku carte grise ya gari. Sisi tumezoea mambo yazungumuzwe pale pale barabarani, uso kwa uso. Huku hakuna wa kuzungumuza naye. Kila kitu kinapita kwa maandishi, na maandishi yako na siku zake.

Ku karatasi utakuta mwendo mara mbili. Wa kwanza ni ule mashine ilipima. Wa pili ni ule unaohesabiwa, yaani "vitesse retenue". Radari ya kudumu inakupunguzia kilometa 5 kama ulikuwa chini ya 100 kwa saa, na 5% kama ulipita 100. Kwa hiyo ilipima 63, inahesabu 58. Wengine wanaona namba mbili tofauti na kusema: "Ona, hawajui hata mwendo wangu!" Hapana. Hilo si kosa, ni faida yako.

Alafu inakuja bei. Tuseme umepita kikomo kwa chini ya kilometa 20 kwa saa. Kama kikomo ni 50 ao chini yake, amande ya kawaida ni euro 135, ukilipa haraka ni 90, ukiachilia siku zipite ni 375. Kama kikomo kiko juu ya 50, bei ni 68, ao 45 kwa haraka, ao 180 kwa kuchelewa. "Haraka" maana yake siku 15 tangu tarehe karatasi ilitumwa, ao siku 30 kama unalipa kwa intaneti. Kwa kupinga uko na siku 45. Na hesabu inaanza siku ya kutumwa, haianze siku ulifungua bahasha.

Kitu kimoja mukishike sana: kulipa ni kukubali. Ukishalipa, hata ile bei ndogo, mulango wa kupinga umefungwa. Kwa hiyo usiseme "nilipe kwanza nipate amani, alafu nitapinga". Haiwezekane.

2. Makosa ni ya namna mbili

Sisi wote tumepita mu chuo kikuu, tunajua recours kisha deliberasioni. Kama ku relevé jina lako limeandikwa vibaya, unaenda ku sekretaria wanalisahihisha, lakini 8 yako inabaki 8. Kama walikosea kujumlisha points, hapo unaweza kutoka mu echec na kupita. Yote mawili ni makosa ku karatasi moja, lakini hayana uzito moja.

Amande iko vile vile. Kuna kosa linalogusa karatasi, na kuna kosa linalogusa kitendo chenyewe. Njia ninayotumia kuyatenganisha ni hii: sahihisha lile kosa mu kichwa chako, alafu soma karatasi upya tangu mwanzo. Kama kisha kusahihisha ungali na hatia, hilo ni kosa la karatasi tu. Kama kisha kusahihisha hatia inapotea, hapo uko na sababu ya kupinga.

Wakongomani tunajua vizuri kosa la namna ya kwanza. Tuko na nom, postnom na prénom, lakini fomu nyingi za Ufaransa ziko na nafasi mbili tu. Postnom inageuka prénom, ao inaunganishwa na nom, ao inapotea. Inakasirisha, ninakubali. Lakini haisemi kitu juu ya mwendo wa gari. Kama plake ni yako na ni wewe ulipita pale, jaji atasema mwenye gari anajulikana. Ni vile vile kwa namba ya avenue ao kodi ya posta.

Kosa la namna ya pili linagusa maswali haya: gari lililopigwa picha ni langu kweli? Siku ile nilikuwa ningali mwenye gari, ao nilikuwa nimekwisha kuliuzisha? Kikomo kilichoandikwa njo kikomo cha barabara ile? Mahali na saa vinaelewana na mahali nilikuwa? Plake ni yangu lakini gari ku picha ni la marke ingine: pengine mutu alitengeneza plake yenye namba yangu. Hapo huwezi kunyamaza, juu karatasi zingine zitafuata.

Ile picha haitumwe pamoja na karatasi. Unaiomba, na ni bure. Njo kitu cha kwanza cha kufanya, mbele hata ya kukasirika.

3. Watu wawili, karatasi mbili

Dada mumoja wa promotion yetu anafanya kazi ya usiku mu nyumba ya wazee. Karatasi yake ilisema: kikomo 50, mwendo uliopimwa 63, unaohesabiwa 58. Jina lake lilikuwa limevurugwa, na hilo njo lilimuumiza. Lakini mimi niliposoma, swali langu lilikuwa lingine: ni barabara gani? Akasema: "Ile ya kuingia mu muji, yenye paneli ya 70."

Ufaransa, mu muji kikomo ni 50 hata kama hakuna paneli ya 50. Paneli yenye jina la muji inatosha kukuambia. Lakini meya anaweza kupandisha kikomo mpaka 70 ku vipande fulani vya barabara. Kama pale ni 70, basi 58 si mbio. Hatia inapotea yote.

Alienda kupiga picha ya paneli. Ni vizuri, lakini picha ya leo haionyeshe paneli ilikuwa pale siku ya radari. Kwa hiyo tuliandikia meri na kuomba kopi ya arrêté iliyoweka ile 70. Mutu yeyote ana haki ya kuomba arrêté ya meri, hata kama si mukaaji wa muji ule. Ilipofika, tarehe yake ilikuwa ya miaka mingi mbele ya picha ya radari, na ilitaja kipande kile kile cha barabara. Mu barua ya kupinga hatukuweka hata neno moja juu ya jina lake. Tuliweka arrêté, picha ya paneli, na mistari kumi ya maelezo. Miezi kadhaa ikapita, jibu likafika: faili imefungwa, na pesa aliyokuwa ameweka ikarudishwa.

Ndugu mwingine alikuwa na karatasi ya barabara yenye kikomo 80. Alipimwa 94, wakahesabu 89. Angeweza kulipa euro 45. Lakini postnom yake ilikuwa imeandikwa ku nafasi ya prénom, na herufi mbili zilikosekana. Nilimwambia alipe. Rafiki mwingine akamwambia karatasi yenye jina baya ni batili. Akapinga. Faili ikaenda mu tribinali ya polisi. Jaji alimuuliza: gari ni lako? Ndiyo. Siku ile ni wewe ulikuwa unaendesha? Ndiyo. Akatoka na amande ya euro 150, na juu yake euro 31 za gharama ya tribinali. Yule ndugu hakuongopa hata neno moja. Ni kosa aliloshika njo halikuwa na uzito.

4. Hesabu ya kupinga

Kupinga si bure, mbele ya yote kwa mwanafunzi. Barua ya kupinga inaitwa "requête en exonération". Kama sababu yako ni gari kuibiwa, kuuzishwa, plake kuigwa, ao mutu mwingine kuendesha, hauweke pesa, lakini unaleta hati: risiti ya mashtaka ku polisi, karatasi ya kuuzisha, ao utambulisho wa yule aliyeendesha. Kwa sababu zingine zote, unaweka kwanza consignation, na ni ile amande ya kawaida: 68 ao 135. Si malipo. Ukishinda inarudi. Lakini kwa miezi hiyo yote hauko nayo, na kwa yule dada 135 ilikuwa chakula cha mwezi. Njo maana alikuwa karibu kulipa 90 ili alale usingizi.

Barua inaenda kwa "officier du ministère public". Yeye anaweza kufunga faili, kukataa barua kama haikufuata masharti, ao kutuma faili mu tribinali. Ukifika kule, sheria inasema karatasi ya radari inaaminiwa mpaka wewe ulete ushahidi wa kinyume, kwa maandishi ao kwa mashahidi. Neno lako tupu halitoshe, hata kama ni la kweli. Na jaji akikuhukumu kulipa amande, hawezi kushuka chini ya bei ya kawaida. Ile bei ndogo ya 90 ao 45 imekwisha kupotea. Kwa amande ya 135 anaweza kupanda mpaka 750, kwa ile ya 68 mpaka 450.

Kwa hiyo, mbele ya kuchagua, jiulize maswali mane:

Kosa hili likisahihishwa, hatia inapotea?
Niko na hati ya kulionyesha, ao ninaweza kuipata mbele ya siku 45?
Ninaweza kukaa bila pesa ya consignation kwa miezi kadhaa?
Nikishindwa, nitaweza kulipa zaidi ya ile niliyoombwa leo?

Kama jibu la kwanza ni hapana, usiendelee na mengine. Lipa haraka, bei ndogo, alafu endelea na masomo yako. Kama majibu yote ni ndiyo, usiogope leta. Pinga kwa heshima, kwa ufupi, na barua rekomande yenye "accusé de réception", ao kwa intaneti. Kabla ya kutuma, chukua kopi ya kila kitu.

5. Mambo mawili ya kuangalia

La kwanza: usitaje mutu ambaye hakuendesha. Kuna wenye kutafuta binamu aliyekwisha kurudi Kongo na kuandika jina lake. Hiyo si ujanja. Ni kuongopea sheria kwa maandishi, na inaweza kukuletea mashtaka makubwa kuliko amande yenyewe.

La pili: jina na adresi vinatoka ku carte grise. Kama vimekosewa ku amande, mara nyingi vimekosewa kule kwanza. Kavisahihishe kule. Ukihama, uko na mwezi moja wa kubadilisha adresi. Usipofanya, karatasi itaenda ku chumba chako cha zamani, siku zitahesabika bila wewe kujua, na barua ya kwanza utakayoshika mukononi itasema 375. Kosa la adresi halifute amande, lakini linaweza kuipandisha karibu mara tatu.

Mbele ya karatasi ya leta, wengi wetu tunafanya moja ya mambo mawili: tunalipa kwa woga bila kusoma, ao tunapinga kwa hasira bila kupima. Kusoma sheria, hesabu ao udaktari kulitufundisha kitu kimoja: kutafuta ile namba ambayo ikibadilika, jibu lote linabadilika. Kwa yule dada ilikuwa 50. Kwa yule ndugu hakukuwa na namba kama hiyo, kulikuwa na jina tu.

Muendeshe polepole, na musome polepole zaidi.