Mji wa Nyasi Nao ni Mji

Mtu akitaja mji wa kale, fikira za wengi wetu hukimbilia pwani. Twauona Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, twaiona milango ya Unguja iliyotiwa nakshi, twayaona magofu ya matumbawe yaliyoshindana na mvua na chumvi kwa karne nyingi. Ni haki yetu kujivunia hayo. Lakini mazoea hayo yametuzalia kosa moja: tumedhani kwamba pasipo ukuta wa mawe hapakuwa na mji. Leo twataka kulipinga kosa hilo, na shahidi wetu ni Bweranyange, katika Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera.

Bweranyange palikuwa makao ya wafalme wa Karagwe, dola ya kale ambayo nchi yake leo imo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, hii ya pili ikiwa imemegwa kutoka ile ya kwanza mwaka 2012. Majumba yake yalikuwa ya nguzo, fito na nyasi. Hapana hata moja katika yale ya zamani lililosimama hadi leo. Nyasi huoza, na nguzo huliwa na mchwa. Basi twawezaje kuuona mji ule?

Sehemu ya jibu imo katika mguu mgonjwa. Novemba 1861, wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Mfalme Rumanyika wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Januari 1862 Speke alishika njia ya Buganda. Grant, ambaye mguu wake ulikuwa umevimba na kutunga usaha, alishindwa kwenda. Akabaki Karagwe hadi Aprili. Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Safari hii mambo yalipinduka, kwani aliyekaa naye aliokota. Grant alikuwa mchoraji mwenye rangi zake za maji. Michoro yake ya safari ile imehifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh.

Jicho la mchoraji lina faida yake. Mpita njia huona kibanda. Mchoraji, akitaka kuuchora mstari mmoja tu wa paa, hulazimika kujiuliza mstari ule umeanzia wapi na kwa nini umepinda. Na sisi tukiutazama msonge kwa jicho hilo, twauona ufundi wake. Ukuta na paa ni kitu kimoja: nyasi zateremka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Ndani, pete za matete zimefungwa kwa kamba, ndogo juu na kubwa chini, zikigawana uzito na nguzo. Maji ya mvua hayapati mahali pa kutuama, wala upepo haupati pembe ya kusukuma. Moshi wa jikoni huzikausha nyasi na kuwafukuza wadudu. Hakuna kilichowekwa kwa ajili ya pambo peke yake, na hata hivyo jumba zima lapendeza.

Lakini yatupasa kusema ukweli wote. Kazi ya Grant ilifika London, na huko msanii Johann Baptist Zwecker, ambaye hakuwamo safarini, akaichora upya kwa ajili ya kitabu alichotoa Speke mwaka 1863. Hivyo picha walizoziona wasomaji wa Ulaya zilipitia mikono miwili. Baya zaidi, katika kitabu hicho hicho Speke alidai kwamba watawala wa nchi hizi walikuwa wa asili ya Uhabeshi. Dai hilo liliwafaa sana wakoloni waliokuja baadaye: kila walipokuta dola yenye utaratibu, walitafuta mgeni wa kupewa sifa. Mkata nguzo, msuka kamba na mwezeka nyasi wakaachwa nje ya hesabu.

Chuma chawakanusha. Stanley alipofika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina ya Rumanyika, yenye mikuki, sanamu za ndege na za ng'ombe, kazi za madini zilizofuliwa kwa ustadi. Masimulizi ya Karagwe humtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mfalme aliyekuwa mfua chuma, na nyundo ilikuwa miongoni mwa alama za ufalme. Je, kuna nchi nyingi ambazo mfalme alijitambulisha kwa chombo cha mfanyakazi?

Uchifu ulifutwa nchini mwaka 1963, nasi hatuulilii. Kilichofutwa ni cheo cha kurithi. Maarifa ya mikono ya wananchi hayakufutwa na sheria yoyote. Yanafutika kwa uzembe wetu. Bati limekuja, na mwenye bati hatumlaumu, maana halimdai nyasi mpya kila baada ya miaka michache. Ila fundi wa msonge akifa bila mwanafunzi, hakuna jiwe litakalobaki kutusimulia alichokijua. Gofu la Kilwa laweza kumngoja mtafiti miaka mia. Mzee wa Karagwe hawezi.

Kwa hiyo twasema hivi. Mwalimu wa Kayanga au wa Kyerwa na awapeleke watoto kwa wazee, wakiwa na karatasi na kalamu, wachore kila fundo na kila pete, waandike jina lake kwa Kinyambo, na jina la fundi aliyewafundisha. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Grant aliifanya akiwa kitandani na mguu unaotoka usaha, katika nchi isiyo yake. Sisi tulio wazima, tena nyumbani kwetu, tutatoa udhuru gani?