Tanzania: Jinsi ya kujiandaa kwa mtihani wa Historia wa Kidato cha Sita

Kwa kawaida, mwezi wa Mei unapowadia nchini Tanzania, wanafunzi wa Kidato cha Sita huketi kufanya mtihani wa taifa unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la nchi hiyo, NECTA. Miongoni mwao wamo maelfu waliochagua Historia katika tahasusi kama HGL, HKL, HGK na HGE, yaani Historia pamoja na masomo mawili kati ya Jiografia, Kiswahili, Kiingereza na Uchumi. Wapo pia wasikilizaji wetu wenye watoto au jamaa wanaosoma katika shule za nchi hiyo jirani. Kwa ajili yao, makala haya yanaeleza mtihani huo unadai nini na mwanafunzi anawezaje kujiandaa.

Uzito wa mtihani huu si mdogo. Alama hupangwa kuanzia A, ambayo ni 80 na kuendelea, hadi F, ambayo ni chini ya 35. Ili kufikiriwa kwa masomo ya shahada, mwombaji anatakiwa kwa jumla awe amepata walau E katika masomo mawili, na masharti ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, huongeza kiwango cha pointi juu ya hapo. Kwa mwanafunzi wa tahasusi yenye masomo matatu, kuanguka katika Historia humwachia nafasi finyu ya kukosea kwingine.

Somo hili lina karatasi mbili, kila moja ya saa tatu. Karatasi ya kwanza huelekea zaidi Afrika: jamii za kabla ya ukoloni, biashara ya utumwa na watu wenye asili ya Afrika katika Amerika, uchumi wa kikoloni, harakati za uhuru na maendeleo ya Tanzania baada ya uhuru. Ya pili huitazama dunia: kukua kwa demokrasia na ubepari wa viwanda Ulaya, mapinduzi ya Urusi na China, vita vikuu, na kupanda kwa Marekani.

Kosa linalowagharimu wengi ni kukariri. Mwanafunzi hubeba madesa, humeza hoja sita za kila mada, kisha huzitapika kama zilivyo hata kama swali limeulizwa kwa namna nyingine. Msahihishaji akiuliza kwa nini jambo lilitokea mahali fulani na wakati fulani, orodha ya sababu za jumla haimjibu.

Tuchukue mfano wa Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Swali la kawaida ni sababu za vita hivyo, na karibu kila mwanafunzi ataandika kodi, kazi za kulazimishwa na ukatili wa maakida. Hayo ni kweli. Lakini kodi ilitozwa pia mahali ambapo watu hawakushika silaha. Basi kwa nini moto uliwaka kwanza katika milima ya Wamatumbi, mwishoni mwa Julai 1905?

Jibu zuri huanzia hapo. Kuanzia mwaka 1902, utawala wa Gavana von Götzen ulianzisha kusini mashamba ya pamba ya pamoja, ambako wanakijiji walilazimishwa kulima kwa ujira mdogo mno huku mashamba yao ya chakula yakiachwa. Ndiyo maana tendo la kwanza la uasi lilikuwa kung'oa pamba. Pili, jamii nyingi za eneo hilo hazikuwa na mtawala mmoja wa kuziunganisha. Dawa ya maji iliyotolewa na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ikawapa watu waliotawanyika imani moja na kiapo kimoja. Tatu, mwanafunzi makini atawatazama wasioshiriki: Wahehe, ambao vita vyao na Wajerumani viliishia katika kifo cha Mkwawa mwaka 1898, hawakuungana na waasi. Kwa njia hiyo kila sababu inapimwa kwa ushahidi, na insha inakuwa na msimamo.

Hatua ya pili ya maandalizi ni kuziunganisha karatasi hizo mbili. Anayesoma mdororo mkuu wa uchumi ulioanza Marekani mwaka 1929 aufuate hadi Tanganyika, ambako bei ya mkonge ilianguka, mishahara ya vibarua ikapunguzwa, na serikali ya kikoloni ikawahimiza wakulima kupanda mazao zaidi ili mapato yasikauke. Tukio moja hapo linafundisha mada mbili, na kumbukumbu hushika vizuri zaidi kitu chenye mzizi.

Tatu ni muda. Anayetakiwa kuandika insha tano katika saa tatu ana dakika 36 tu kwa kila moja. Dakika tano za mwanzo zitumike kupanga: swali linataka kueleza, kulinganisha au kupima? Msimamo wangu ni upi? Ushahidi gani unaubeba? Mazoezi haya yafanywe kwa saa mezani, walau insha moja kila juma, tangu muhula wa kwanza. Anayesubiri mwezi wa mwisho hugundua kwamba anajua mengi, ila mkono wake haujui.

Linabaki suala la lugha, ambalo huumiza kimyakimya. Mtihani wa Historia wa Kidato cha Sita huandikwa kwa Kiingereza, ilhali wengi wa watahiniwa hufikiri na kubishana kwa Kiswahili. Mwanafunzi anaweza kuijua vyema hoja yake na bado akaiandika kana kwamba haijui. Njia mojawapo inayosaidia ni kujadili swali kwanza kwa Kiswahili katika kikundi, hadi kila mmoja aweze kulieleza bila daftari, kisha kila mtu aandike aya moja kwa Kiingereza na kumpa mwenzake aisome. Hoja iliyoeleweka hutafuta maneno yake. Maneno yaliyokaririwa hayatafuti hoja.

Wazazi nao wana nafasi yao, hata wasiokijua Kiingereza. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini kukusanya kumbukumbu za wazee kuhusu Maji Maji, na masimulizi hayo yakawa sehemu ya ushahidi ambao wanahistoria wanautumia hadi leo. Mzee anayekumbuka vijiji vya ujamaa, foleni za miaka ya 1980 au sherehe za uhuru ni chanzo pia. Mwanafunzi amsikilize, kisha ajiulize: aliyaona mwenyewe au alisimuliwa? Nani angesimulia tofauti? Maswali hayo mawili ndiyo kazi ya mwanahistoria, na ndiyo msingi wa insha yenye msimamo atakayoiandika siku ya mtihani.