Diski Kubwa ya Kompyuta ya Nyumbani: Mambo ya Kuhakiki Kabla ya Kulipa

Familia nyingi siku hizi huhifadhi katika kompyuta moja picha za harusi, video za watoto, nakala za hati za kiwanja na hesabu za biashara. Nafasi inapojaa, mlaji huenda dukani kutafuta diski kuu, ambayo mafundi huiita hadi diski, naye mara nyingi huuliza mambo mawili tu: ukubwa na bei. Maswali hayo ni ya haki, lakini hayatoshi. Kifaa kitakachobeba kumbukumbu za nyumba nzima hakina budi kuchunguzwa kabla fedha haijatoka mkononi.

Je, itaingia na kufanya kazi?

Diski kubwa za kompyuta za mezani ni zile za inchi 3.5, za inchi 2.5 zilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta za mpakato. Kabla ya kununua, fungua kasha la kompyuta au umwombe fundi alifungue, mhakikishe kwamba kuna nafasi ya kuifungia diski, tundu la SATA lililo wazi na waya wa umeme usiotumika.

Ikiwa diski inazidi terabaiti 2, mwulize fundi ataiandaa kwa mfumo gani. Mfumo wa zamani wa kugawa diski, uitwao MBR, kwa kawaida hauvuki kiasi hicho. Diski kubwa zaidi huandaliwa kwa mfumo wa GPT. Vinginevyo, sehemu ya nafasi uliyoilipia haitatumika.

Mbona inaonekana pungufu?

Tumezoea kuulizwa kwa nini diski ya terabaiti 4 huonekana katika Windows kuwa na takriban 3.6. Hapo hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu terabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000,000, ilhali Windows huhesabu kwa mafungu ya 1,024. Hata hivyo, upungufu unaozidi huo kwa mbali ni sababu ya kurudi dukani na kutaka maelezo.

Kazi gani, diski gani?

Diski nyingi huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Zile za kasi ndogo kwa kawaida huwa na kelele na joto pungufu, nazo zinafaa kwa kutunza picha na video. Yako pia maandishi ya SMR na CMR. Katika SMR, mistari ya data hulaliana kama vigae vya paa. Diski hiyo hutosha kwa vitu visivyobadilishwa mara kwa mara, lakini huweza kuzorota sana inapoandikwa upya mfululizo. Mwaka 2020 ilidhihirika kwamba watengenezaji wakubwa walikuwa wameuza baadhi ya diski za SMR bila kuwajulisha wanunuzi. Kwa hiyo, usikisie: andika namba ya toleo, kisha uitafute katika tovuti ya mtengenezaji.

Mpya au mtumba?

Kuuza diski iliyotumika si kosa; kosa ni kuiuza kwa jina la mpya. Diski iliyofanya kazi usiku na mchana katika mtambo wa kamera za ulinzi huweza kusafishwa, ikafungwa katika mfuko mpya na kung'aa kama iliyotoka kiwandani jana. Lakini diski yenyewe huweka hesabu ya saa ilizowashwa. Mtake muuzaji aiunganishe na kompyuta papo hapo na kufungua programu isiyolipiwa kama CrystalDiskInfo. Diski mpya huonyesha saa sifuri au chache tu. Ukiona 8,760, ujue imefanya kazi kwa muda unaolingana na mwaka mzima bila kupumzika.

Kwa kuwa walaghai huweza kuifuta hesabu hiyo, hakiki pia namba ya utambulisho iliyo kwenye lebo. Watengenezaji wengi wana ukurasa wa kuingiza namba hiyo ili kujua kama dhamana ingalipo. Muuzaji akikataa ukaguzi huo, sisi twakushauri uende duka jingine.

Dhamana hairudishi picha

Dhamana humpa mlaji diski nyingine, haimrudishii yaliyokuwamo. Kila diski, hata iliyo ghali, ipo siku itakufa. Kwa sababu hiyo, mwenye fedha ya diski moja kubwa sana mara nyingi hufaidika zaidi akinunua mbili za ukubwa wa kati: moja ikae ndani ya kompyuta, nyingine ibebe nakala na itunzwe mahali pengine. Nakala iliyo ndani ya diski ileile si akiba.

Mwisho, dai risiti inayotaja toleo la diski, namba yake ya utambulisho, kama ni mpya au imetumika, na muda wa dhamana. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Ukigundua umedanganywa, rudi kwanza kwa muuzaji. Asipokusikiliza, tuletee risiti, picha ya lebo na picha ya hesabu ya saa. Malalamiko yenye ushahidi husikilizwa kwa urahisi. Yasiyo nao hubaki kuwa neno la mtu mmoja dhidi ya mwenzake.