Hatima ya Mji wa Huruma Ianze Kuchunguzwa Mowlem

Kaunti ya Jiji la Nairobi ina makao yake ya wazee, Mji wa Huruma, yaliyoko Runda, upande wa kaskazini wa jiji. Humo hutunzwa wazee wasio na jamaa wa kuwashughulikia. Kabla ya ugatuzi makao hayo yalikuwa chini ya Baraza la Jiji, kisha kaunti ikayarithi pamoja na madeni, majengo na wafanyakazi wa baraza hilo. Siku kaunti itakapotaka kuamua hatima yake, kama yapanuliwe, yahamishwe, yakabidhiwe watawa au yageuzwe kitu kingine, itabidi ifanye utafiti kwanza. Nataka kueleza jinsi ningeupanga utafiti huo, na kwa nini sehemu kubwa ya muda na fedha zake ningeitumia katika wadi ya Mowlem, Eastlands, mbali kabisa na Runda.

Mtafiti akianzia Runda atahesabu vitanda, atakagua mapaa, atawahoji wauguzi, na mwishowe ripoti yake itapendekeza vitanda, mapaa na wauguzi. Hayo yote yanahitajika. Lakini wazee watakaobisha hodi katika makao hayo miaka kumi ijayo hawako Runda leo. Wako Eastlands, katika chumba cha ghorofa ya nne, wakimngoja binti arudi kazini. Idadi yao na hali yao ndiyo itakayoamua makao yanahitaji kuwa ya namna gani, na hakuna anayeijua.

Tuanze na historia, kwa sababu uzee wa Eastlands una tarehe. Wadi ya Mowlem iko Embakasi Magharibi, pamoja na Umoja 1, Umoja 2 na Kariobangi Kusini, na inapakana na Dandora. Umoja ilijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Marekani. Mradi wa Dandora ulianza 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: familia zenye kipato cha chini zilipewa ploti 6,000 zenye choo na bafu, kisha kila mmoja akajijengea vyumba vilivyobaki. Mtu aliyepata ploti 1977 akiwa na miaka 35 amepita miaka 80 leo. Kizazi kizima kilichoingia mitaa hii kikiwa na nguvu kimezeeka humo kwa pamoja, na huu ni mwanzo tu, maana waliokuja baadaye kupanga Mowlem, Umoja na Kariobangi ni wengi kuliko waliogawiwa ploti.

Kutokana na historia hiyo kuna wazee wa aina mbili, na utafiti ukiwachanganya utapotea. Wa kwanza ni mwenye ploti. Ana hati, ana wapangaji, lakini pengine kodi inapokewa na mwanawe wa kiume, na yeye amebaki na chumba kimoja cha chini huku ghorofa zikipandishwa juu yake. Kwenye karatasi ni tajiri; ukimuuliza nani alimpikia jana, huenda asiwe na jibu. Wa pili ni mpangaji: alifanya kibarua Industrial Area au alichuuza sokoni miaka 40, hana pensheni ya kutajika, na hakujenga mashambani. Anapotimiza miaka 70 anaweza kuandikishwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii apate shilingi 2,000 kwa mwezi, fedha ambazo hazitoshi kodi ya chumba. Katiba ya 2010 humwita mzee yeyote aliyezidi miaka 60, na Kifungu cha 57 kinampa haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia na Serikali. Kati ya 60 na 70 kuna miaka kumi ambayo Katiba inamtambua lakini Inua Jamii haimfikii. Utafiti uwahesabu watu wa rika hilo peke yao, kwani ndio watakaofika makaoni wakiwa bado na miaka mingi mbele.

Namna ya kuwapata ndiyo sehemu ngumu, na ndipo tafiti nyingi za aina hii huharibika. Vitabu vya takwimu huwapa wanafunzi namba 384: ukihoji watu 384 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, makadirio yako ya asilimia hayatapotoka kwa zaidi ya pointi 5 juu au chini, mara 95 kati ya 100. Namba hiyo ni sahihi, ila Nairobi ni jiji la vijana. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na waliofikisha miaka 60 walikuwa takriban milioni 2.7, yaani chini ya 6 katika kila 100. Nairobi sehemu hiyo ni ndogo zaidi. Ukigonga milango 384 Mowlem, utarudi na wazee wachache wasiotosha hata kuwatenganisha wenye ploti na wapangaji.

Njia inayofaa ina hatua mbili. Kwanza, wadi igawanywe kwa vipande vile ambavyo shirika la takwimu la taifa, KNBS, hutumia wakati wa sensa, vipande kadhaa vichaguliwe kwa bahati nasibu, na katika kila kipande pagongwe kila mlango kwa swali moja: je, kuna mtu wa miaka 60 au zaidi anayelala hapa? Neno “anayelala” nalisisitiza. Ukiuliza “anayeishi hapa”, familia nyingi zitajibu hapana, kwa kuwa shosho “ameletwa tu kwa matibabu”, ingawa matibabu hayo yameingia mwaka wa tatu. Hatua ya pili ni kuwarudia wote waliopatikana kwa mahojiano marefu.

Wahudumu wa afya ya jamii watasaidia sana, kwa kuwa wanatembelea nyumba hizo na wanajua majina. Lakini orodha yao isiwe ndiyo orodha ya utafiti. Mzee anayejulikana na mhudumu tayari ana mtu wa kumtembelea. Anayekosekana ni yule anayefungiwa chumbani kwa kufuli asubuhi, kwa sababu amesahau njia na binti yake anaogopa atapotea hadi Kangundo Road. Binti huyo hafanyi ukatili. Hana mtu mwingine, na akikosa kazini siku mbili hana mshahara. Wa kumuuliza habari za mlango kama huo ni msimamizi wa ploti, na wakati wa kumkuta binti ni Jumapili alasiri. Watafiti wanaofanya kazi saa za ofisi hukuta milango mitupu, kisha huandika kwamba kaya hizo hazina wazee.

Sasa, unapima nini? Mwaka 1963 daktari wa Marekani Sidney Katz na wenzake walichapisha kipimo ambacho bado kinatumika duniani kote. Kinauliza mambo sita: je, mtu anaweza kuoga mwenyewe, kuvaa, kwenda choo, kutoka kitandani na kuketi, kujizuia haja, na kula? Mwaka 1969 watafiti Lawton na Brody wakaongeza kipimo cha kazi za maisha kama kupika, kwenda sokoni, kupanda gari, kumeza dawa kwa wakati na kushika fedha. Uzuri wa vipimo hivi ni kwamba vinatabiri vizuri nani atahitaji kutunzwa na mwingine.

Mowlem vinahitaji kurekebishwa. Vilitungwa mahali penye maji ya bomba na choo ndani ya nyumba. Mama anayeweza kwenda choo mwenyewe akiwa na choo chake anaweza kushindwa kabisa kama choo kiko mwisho wa ukumbi, kinatumiwa na vyumba vinane na usiku hakina taa. Ningeongeza maswali matatu: unapanda ngazi ngapi kufika chumbani, nani anakuletea mtungi wa maji ukikatika mfereji, na mara ya mwisho kushuka chini ilikuwa lini? Swali la mwisho ningelilinda kwa nguvu zangu zote katika mkutano wa kupunguza maswali. Mzee ambaye hajashuka kwa miezi minne yuko kwenye makao tayari, ila makao hayo hayana muuguzi.

Majibu hayo yachukuliwe faraghani. Shosho akiulizwa mbele ya mkaza mwana wake kama anashiba, atasema anashiba. Naye mtunzaji ahojiwe peke yake: analala saa ngapi, amepoteza kazi ngapi, nani humpokea. Tukijua ni mabinti wangapi wako karibu kuchoka, tutajua pia ni wazee wangapi wako karibu kuachwa. Haya si mambo ya kubahatisha kwenye meza ya ofisi. Jirani tu, Korogocho, kituo cha utafiti cha APHRC kilianza kufuatilia kaya kwa kaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, wazee wakiwemo, na utaalamu huo uko hapa mjini.

Baada ya Mowlem ndipo tuende Runda, na swali la kwanza huko liwe: kila mkazi alifikaje? Alipelekwa na chifu, na polisi, au alitoka hospitali akiwa amepona na hakuna aliyekuja kumchukua? Kila njia inaashiria mahali ambapo msaada ungewahi kufika. Huko Kilifi, wazee wengi waliokimbilia Kaya Godoma, Ganze, walikuwa wakitishiwa kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Wao walihitaji ukuta na ulinzi. Mzee wa Nairobi kwa kawaida hakukimbia kuuawa. Alishindwa kodi, au mtunzaji wake alitangulia kufa. Dawa ya mmoja si ya mwingine, ingawa wote wawili wanaishia kwenye kitanda kinachofanana.

Gharama nazo zina mtego. Makao kama haya hutembelewa na makanisa, shule na vikundi vya akina mama, hasa karibu na Krismasi, wakileta unga, sabuni, blanketi na nepi za watu wazima. Mhasibu akisoma vitabu vya kaunti peke yake ataona kwamba kumtunza mzee ni rahisi, kwa sababu chakula cha Desemba hakimo. Hesabu ifanywe kwa mwaka mzima, na kila kilichotolewa kipewe thamani yake. Vinginevyo tutalinganisha makao yanayobebwa na wafadhili na mpango wa matunzo ya nyumbani usio na mfadhili hata mmoja, na mpango huo utaonekana ghali bila sababu.

Kuhusu machaguo yenyewe, kuna mifano ya kuchunguza bila kusafiri mbali. Masista wa Little Sisters of the Poor wanaendesha Nyumba ya Wazee huko Kasarani. Zanzibar, Serikali ina makao ya Sebleni na Welezo, na tangu Aprili 2016 inamlipa pensheni kila mkazi aliyefikisha miaka 70 bila kuuliza kama ni maskini, kiwango kikianzia shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi. Kule makao na pensheni viko mkononi mwa serikali moja. Kwetu Inua Jamii ni ya serikali ya kitaifa na Mji wa Huruma ni wa kaunti, kwa hiyo kamati ya utafiti isiyo na watu wa pande zote mbili itapendekeza mambo ambayo nusu yake haina uwezo wa kuyatekeleza. Mimi ningetaka pia chaguo ambalo halijajengwa upande wetu: kituo cha mchana ndani ya wadi, ghorofa ya chini, ambapo mzee anashinda, anakula na kupewa dawa, kisha anarudi kulala kwake. Yule binti mwenye kufuli angekuwa wa kwanza kufika.

Kuchelewa kuna bei. Kaunti ya Champaign, jimbo la Illinois nchini Marekani, ilikuwa na makao yake ya wazee yaliyoelemewa na madeni. Mwaka 2017 wapiga kura walikataa kodi ya ziada ya kuyaokoa, na katika kura hiyohiyo wakaidhinisha yauzwe. 2019 yakauzwa kwa mwekezaji binafsi. Kufikia hapo machaguo yalikuwa yamebaki mawili tu. Runda kuna jambo jingine la kuangaliwa mapema, nalo ni ardhi. Kiwanja katika mtaa ule kina wanaokitamani, kwa hiyo hati na mipaka yake ithibitishwe na mpimaji wa serikali kabla mtu yeyote hajaandika neno “kuhamisha”. Na kampuni itakayofanya utafiti izuiwe kwa mkataba kushiriki zabuni yoyote ya kujenga au kununua baadaye.

Idhini ya kimaadili haikwepeki. Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kinahitajika, pamoja na kamati ya maadili, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu kila jina litakaloandikwa. Kwa mzee aliyepoteza kumbukumbu, sahihi ya msimamizi wa makao haitoshi, kwa sababu msimamizi ni mmoja wa wanaochunguzwa. Atafutwe mtu asiye na maslahi, na mzee mwenyewe akigeuza uso au akiondoa mkono, mahojiano yakome hata kama karatasi imetiwa sahihi.

Iliyobaki ni kalenda, na ndiyo huamua kama ripoti itafanyiwa kazi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1, mwongozo wa fedha kufikia Februari 28 na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ripoti ikitoka Oktoba imekosa mpango huo na itangoja mwaka mzima. Basi kugonga milango kuanze Januari, Runda ifuate Aprili, na mwezi wa Juni rasimu isomwe kwa sauti Mowlem, kwa Kiswahili, siku ya Jumapili, katika ukumbi usio na ngazi, mbele ya mashosho, mabinti na wasimamizi wa ploti waliotoa majibu, wapate kusahihisha yaliyoandikwa juu yao kabla hayajafika kwa waziri wa kaunti.